Funika Jina Kwanza: Ninavyofundisha Watoto Kusoma Picha na Kusimulia

Kila mwaka, wiki ya pili ya muhula wa kwanza, naingia darasa la tano nikiwa na kanga moja begani na vibanio vinne vya nguo mfukoni. Kamba nimeshaifunga tangu asubuhi, kutoka msumari wa dirishani hadi kwenye kitasa cha kabati. Natundika kanga, nakunja kwa nyuma ile sehemu yenye maandishi, nabana, kisha nakaa. Sisemi neno. Darasa la watoto 74 likinyamaza bila kunyamazishwa, ujue kuna jambo limewashika.

"Mwalimu, jina umelificha!"

Hakosekani mmoja wa kusema hivyo, na hapo kipindi kimeanza.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Tanga, mwaka wa 19 sasa. Miaka sita ya mwanzo nilifundisha picha kama nami nilivyofundishwa: nafungua kitabu, nakiinua juu, nauliza, "Mnaona nini?" Darasa zima linaitikia, "Mama anapikaaa." Nasema vizuri sana, fungueni madaftari. Jioni nasahihisha insha 70 za mama anapika, zimefanana kama matofali. Na watoto hao hao nikiwapita uwanjani saa ya mapumziko nawasikia wanasimuliana: wanabadilisha sauti, wanamwigiza jirani anavyotembea, wanakata maneno pale pale msikilizaji anapotaka kujua zaidi. Hadithi walikuwa nazo tele. Mimi ndiye niliyekuwa nawapa picha zisizobakiza kitu cha kusimulia.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, mazoezi yote nitakayokueleza yanazunguka jambo moja: picha na maneno visirudie kitu kimoja. Picha ikionyesha mama anapika na maneno yakasema mama anapika, anayetazama amenyimwa kazi. Mtoto anapaswa kujifunza kipi akichore, kipi akiseme, na kipi akiache makusudi ili mwenzake akijaze mwenyewe.

Vifaa havitakutia gharama. Kanga moja au mbili, vibanio, kamba, maboksi ya sabuni, wembe (ukae nao wewe, usimpe mtoto), penseli, kalenda za mwaka jana ambazo upande wa nyuma ni mweupe, na uji mzito wa unga wa muhogo kwa ajili ya gundi. Chaki za rangi zikipatikana, vizuri. Zisipopatikana, mkaa unachora vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Kuchagua kanga

Hapa nitakaa kidogo, maana kanga mbaya inaharibu kipindi kizima. Ukienda maduka ya Ngamiani hapa mjini, muuzaji hashangai ukimuuliza jina kabla ya rangi. Shangazi yangu hakwenda shule, lakini kanga haikatwi gorani mpaka asomewe jina. Akisomewa jina asilolipenda, hata rangi iwe nzuri namna gani, anasema, "Hiyo mwachie mwenyewe." Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kanga husomwa mara mbili, kwa jicho na kwa jina, na kwamba masomo hayo mawili huweza kupingana.

Chagua kanga ambayo mji wake, yaani uwanja wa katikati, una kitu kimoja kikubwa kinachotambulika: nanasi, jogoo, taa, jahazi, mwembe. Achana na yenye maua tupu kwa kipindi cha kwanza, watoto watachoka haraka. Kisha chagua jina lisilotaja kile kitu. Kanga ninayoitumia mimi ina nanasi kubwa katikati na korosho kwenye pembe nne, na jina lake ni hili ambalo wengi mnalijua: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI.

Waeleze watoto sehemu zake, ila usizidishe dakika tano. Pindo ni ule mpaka unaozunguka pande zote nne. Mji ni uwanja wa katikati. Jina ni maandishi, yanakaa ndani ya mji, upande wa chini. Nami huwaongezea kipande cha historia kwa sababu wanakipenda: mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wananunua leso zikiwa bado hazijakatwa kutoka kwenye gora, wanaunganisha vipande na kupata nguo moja pana. Ndiyo maana Mombasa na Lamu mpaka leo wengi wanaiita leso. Maandishi yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazoandika sasa. Mtoto anayefikiri picha na maandishi vilizaliwa pamoja hufurahi kujua kwamba kuna siku mtu fulani aliamua nguo iseme.

Naona, nadhani

Sasa kazi. Kanga imetundikwa, jina limefichwa. Sheria ya kwanza: kila atakayesema aanze na neno "naona". Naona nanasi. Naona majani saba juu ya nanasi. Naona rangi ya chungwa na nyeusi. Naona korosho nne, mbili zinatazamana. Usikubali kuacha hatua hii mapema. Wakisema wamemaliza, waambie bado vitu vitano. Watavipata, na hivyo vitano vya mwisho ndivyo vyenye thamani, kwa sababu ndipo jicho linapoanza kutafuta.

Wapo watoto wanaokijua kitu kwa Kisambaa au Kidigo na neno la Kiswahili limewapotea. Mwache ataje kwa lugha ya nyumbani kwanza, wenzake watamsaidia. Na wale wa madawati ya nyuma uwalete mbele, wakae chini. Niliwahi kudhani binti mmoja ni mzito wa kujibu, kumbe alikuwa haoni kitu toka alipokaa.

Atatokea atakayesema, "Naona furaha." Msimamishe kwa upole. Furaha haionekani. Muulize, "Umeiona wapi?" Atafikiri, kisha ataonyesha ile rangi ya chungwa, au atasema nanasi limesimama wima, halijalala. Huyo amevuka. Sasa fungua sheria ya pili: "Nadhani... kwa sababu naona..." Nadhani kuna sherehe kwa sababu naona tunda zima halijakatwa. Nadhani ni nyumba yenye uwezo kwa sababu naona nanasi moja tu na limewekwa peke yake katikati kama mgeni wa heshima. (Hili la mwisho lilisemwa na mtoto wa miaka 11. Niliandika kwenye daftari langu siku hiyo hiyo.)

Sitasahau kusisitiza tofauti ya hizi sheria mbili, maana ndizo msingi wa mengine yote. Mtoto asiyetofautisha anachokiona na anachokidhani hawezi kusimulia vizuri, kwa kuwa hajui msimulizi amempa nini na yeye mwenyewe ameongeza nini.

Halafu kila dawati, watoto watatu watatu, waandike jina la kanga hiyo. Yasizidi maneno matano. Wape dakika nane. Mwaka jana nilipata KARIBUNI MEZANI, UTAMU NI WETU, TUNDA LA BABA, na mengine mengi ya namna hiyo, yote ya kula na kukaribishana. Yasome kwa sauti, yaandike ubaoni, usisahihishe.

Kisha fungua vibanio.

Wanasoma pamoja, polepole, JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, na inakuja ile nukta ya ukimya ambayo kwa ajili yake naibeba kanga hii kila mwaka. Mwaka jana aliyevunja ukimya ni kijana mmoja wa dawati la dirishani: "Kumbe nanasi siyo lake!"

Hebu fikiri alichofanya. Nanasi halikubadilika hata uzi mmoja. Dakika moja kabla lilikuwa mezani kwa wageni, sasa liko mbali, mtu analitazama tu. Hakuna aliyemwambia. Kwenye picha hapakuwa na mtu, na kwenye jina hapakuwa na nanasi. Yeye ndiye aliyewakutanisha.

Usiishie hapo. Uwe umeandaa vipande vya karatasi vyenye majina mengine, upana sawa na sehemu ya maandishi. Bana kimoja juu ya jina: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nanasi limerudi mezani, ila sasa watoto wanasema mwenyeji alikuwa anashinda na njaa akisubiri mgeni ili naye apate. Bana kingine: ASANTE MAMA. Sasa kuna mtoto ameleta zawadi. Picha moja, hadithi tatu. Waache waseme wenyewe ni ipi wanaipenda na kwa nini. Kipindi cha dakika 40 hakitoshi, omba viwili mfululizo.

Dakika za mwisho, toa kanga ya kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe isiyo na jina. Watoto waliokulia pwani watapiga kelele, "Ya bi harusi!" Waliotoka bara huwa wanakaa kimya, au wanasema ni kitambaa cha meza. Hakuna aliyekosea. Kisutu kinasomeka kwa sababu tumekiona harusini, kimevaliwa na nani, siku gani. Asiyekuwepo hana pa kukisomea. Kwa hiyo mtoto akichora kitu ambacho kwao kina maana na kwa mwenzake hakina, lazima ajiulize anayetazama atajuaje.

Tahadhari moja. Mwaka mmoja niliwaambia watoto walete kanga za nyumbani. Binti mmoja akaleta ya mama yake, akaitundika, tukafunika jina, tukafunua. Kumbe kanga hiyo ilikuwa inavaliwa makusudi kwa ajili ya mpangaji wa chumba cha pili, na mtoto wa mpangaji huyo alikuwa humo humo darasani. Jioni akina mama wote wawili walikuwa ofisini kwetu. Nilijifunza kwa uchungu kwamba kanga ni barua yenye mwenyewe. Tangu hapo naleta zangu, au naazima kwa walimu wenzangu baada ya kusoma jina kwanza.

Tundu la boksi

Wiki inayofuata tunatoka nje. Kata vipande vya boksi la sabuni vyenye ukubwa wa kiganja, katikati toboa dirisha la sentimita 4 kwa 6. Kila mtoto awe na chake. Afumbe jicho moja, alete tundu karibu na jicho, kisha anyooshe mkono. Karibu, anaona uwanja mzima. Mbali, anaona kipande kidogo cha uwanja. Wengine hucheka kwa mshangao, kama vile wamepewa darubini.

Kazi yao ni dakika 15 kuzunguka shule na kutafuta mahali ambapo kitu kimekatwa na ukingo wa tundu: nusu inaonekana, nusu haionekani. Wakirudi wachore kile tu kilichokuwa ndani ya tundu, wasiongeze jua pembeni wala milima nyuma. Hapo utapambana nao. Watoto wamezoea kuchora jua kwenye kona ya kila karatasi, na tabia hiyo haiondoki siku moja.

Mji wetu ni wa baiskeli, kwa hiyo napata baiskeli nyingi. Mmoja alichora nusu ya gurudumu la nyuma, na chini yake ndala moja imelala kifudifudi. Basi. Nilipoibandika ukutani wenzake waliuliza kwa pamoja, "Mwenyewe yuko wapi?" Hilo swali ndilo kipimo changu. Picha ikiulizwa "mwenyewe yuko wapi", au "kulitokea nini", nampa alama zote. Ikiulizwa "hiki nini?", anarudia, kwa sababu hiyo haikuacha nafasi, imekosa tu kueleweka.

Uso mmoja, na ndoo ya maji

Chora kwenye kipande cha kalenda uso wa mtu, mdomo mstari ulionyooka, macho yanatazama mbele. Usiufanye ucheke wala ununie. Bandika ubaoni. Pembeni yake weka picha ya sahani ya wali. Uliza, huyu anasikia nini moyoni? Njaa, watasema. Ondoa sahani, weka mlango uliofungwa kufuli. Amefukuzwa. Au amechelewa. Ondoa mlango, weka mpira. Anatamani kucheza lakini anaumwa. Wacha waseme mpaka waishe, kisha waulize nani aliyeugusa ule uso. Watautazama tena kwa karibu, wengine watasimama kabisa kuja kuuhakikisha.

Hili si langu. Mrusi mmoja mtengeneza filamu, Lev Kuleshov, alilifanya yapata miaka 100 iliyopita: sura ile ile ya mwigizaji ikaunganishwa na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke, na inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa kuonyesha njaa, huzuni na mapenzi. Watoto wangu wengi wanatazama filamu kwenye simu za wakubwa. Wakijua hili, wanaanza kukamata namna zinavyowachezea, na wakija kunieleza Jumatatu najua zoezi limeingia.

Kutoka hapo ingia kwenye mpangilio. Chora picha tatu: A, ndoo imejaa maji. B, ndoo imepinduka, maji yamemwagika. C, mtoto anakimbia. Picha tatu zina mipangilio sita, na kila kundi lipewe wake. A, B, C: mtoto amemwaga maji, anakimbia kipigo. A, C, B: mtoto anakuja mbio, hajaangalia, ameipiga ndoo teke. B, C, A: maji yamemwagika, mtoto amekimbia, ndoo imejaa tena. Huu wa tatu ndio unaowagusa zaidi. Kundi moja lilisema yule mtoto amekwenda bombani kuchota mengine kabla mama hajarudi, na wakabishana kwa dakika nzima kama mama atajua. (Atajua, alisema mmoja, kwa sababu sakafu imelowa.)

Wakishaelewa, toa picha ya katikati kwenye kila mpangilio na uwaulize kama hadithi bado ipo. Mara nyingi ipo, na mara nyingine imekuwa nzuri zaidi. B, A: yamemwagika, yamejaa. Nani kajaza? Usijibu.

Ukubwa kwenye karatasi

Hili ni fupi. Mweleze mtoto kuhusu Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa upande wa Tunduru, akafanya kazi ya mkonge huku kwetu Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake ukabaki na jina lake. Picha zake nyingi zina mnyama mmoja aliyejaza ubao mzima, nyuma yake rangi tupu. Mnyama hana pa kukimbilia, wala wewe unayetazama.

Kisha waambie wachore kitu wanachokiogopa, mara mbili: karatasi ya kwanza kiguse kingo zote nne, karatasi ya pili kikae kwenye kona ya chini, kidogo kama punje ya hindi. Mbwa aliyejaza karatasi ni mbwa wa kuogopwa. Mbwa yule yule kwenye kona, wengi humwonea huruma, wanasema kapotea. Inatosha.

Picha mgongoni

Sasa wanajua kuona, kukata na kupanga. Linabaki la kinywa, na hili nalipenda kuliko yote kwa sababu linaturudisha kwa bibi zetu.

Mtoto anachora picha moja nyumbani. Anakuja mbele ya darasa ameishika nyuma ya mgongo. Anaanza kama inavyoanzwa: "Paukwa!" Darasa, "Pakawa!" "Hadithi hadithi!" "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Hapo ana dakika mbili za kusimulia, na mahali atakapopachagua mwenyewe, mara moja tu, atoe picha. Sheria ni moja: kilichomo kwenye picha asikitaje kwa mdomo, si kabla wala baada.

Mara ya kwanza watakosea wote. Watatoa picha mwanzo na kuielezea, "Hii ni nyumba, huyu ni baba." Usiwakatishe. Akimaliza, muulize darasa zima likisikia: ungeificha mpaka wapi? Wenzake watamshauri vizuri kuliko wewe, na kesho yake arudie.

Kijana mmoja alisimulia juu ya babu yake mvuvi. Kila sentensi yake ilianza na saa: saa tisa usiku babu anaamka, saa kumi anashuka pwani na kapu, saa moja asubuhi anarudi, sisi tunamsubiri tumepanga foleni na sahani. Alisema babu anajua kuita upepo kwa mluzi, akapiga mluzi wenyewe. Halafu akanyamaza na kutoa picha. Ngalawa imepinduliwa juu ya mchanga, tumbo juu, na chini yake kuku ameatamia mayai.

Hakusema zaidi. Alirudi kukaa. Sikuwa na la kumsahihisha, na sikutaka mtoto mwingine yeyote asimame baada yake siku ile, kwa hiyo nikawapeleka nje kabla kengele haijagongwa.

Ninachokuomba ni hiki: mtoto akikupa kitu cha namna hiyo usiulize mbele ya darasa kama ni kweli. Mtafute baadaye, peke yake, umsalimie na kumuuliza habari za nyumbani kama unavyomuuliza siku zote. Akitaka kusema, atasema.

Kuhusu kusahihisha, najua utakachoniuliza, maana watoto ni wengi na wewe ni mmoja. Kila picha na simulizi naipitisha kwenye maswali mawili tu: Je, kuna kitu kimeachwa makusudi? Na je, kuna alama ya kutosha ya kukifikia? Naandika herufi moja na sentensi moja. Siandiki "vizuri". Naandika swali: "Sahani ya nne ni ya nani?" Kazi 20 kwa siku, kwa siku nne, zinaisha.

Kanga ya karatasi

Mwisho wa muhula kila dawati linatengeneza kanga yake. Kurasa nne za kalenda zinaunganishwa kwa gundi ya muhogo na kuachwa juani mpaka zikauke barabara, la sivyo zitajikunja. Wapime pindo kwa rula, upana wa vidole vitatu kila upande, wachore mji, kisha waandike jina kwa herufi kubwa. Sharti mnalijua tayari: jina lisitaje kilichochorwa. Na pindo lisiwe pambo tu, liwe na kazi yake kwenye hadithi. Sharti hili la pindo ndilo gumu kuliko yote na ndilo linalowafanya wafikiri siku mbili nzima. Kundi moja lilizungushia pindo la nyayo zinazoelekea upande mmoja, mpaka kona ya mwisho zinageuka. Wasaidie kwa maswali, penseli ikae mikononi mwao.

Siku ya wazazi tunazitundika zote uwanjani, majina yamekunjwa kwa nyuma na kubanwa, na kila mzazi anapewa karatasi ya kuandika anavyodhani. Asiyejua kuandika anamwambia mtoto wa zamu, naye anamwandikia.

Mwaka jana nilimwalika shangazi. Alizipita tatu nne bila kusema, akasimama mbele ya moja yenye pindo la ndimi za moto. Katikati kuna sufuria kubwa, kifuniko kimeegemezwa pembeni, na sahani tatu zimejaa. Akaitazama muda mrefu, mikono nyuma.

"Hapa wako wanne," akasema.

Nikamwambia, "Shangazi, mbona sahani ni tatu?"

"Nani kapika?" Akaonyesha kwa kidole ule moto unaozunguka pande zote. "Yuko huku, motoni. Hajajipakulia."

Nikatoa kibanio, nikamsomea jina: NIKIWAONA NASHIBA. Shangazi akatikisa kichwa taratibu, akaniuliza mtoto aliyeichora anakaa barabara ya ngapi.